Barua kwa mwanangu: siku ya kwanza bila sigara

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata. Unasema umeamua kuacha sigara, na unauliza mawili: upunguze kidogo kidogo au uache mara moja, na hiyo siku ya kwanza utaivukaje. Nimefurahi hukuniuliza kama sigara ina madhara. Hilo pakiti lenyewe limekuandikia.

La kwanza nalijibu upesi: acha kwa mkupuo. Anayepunguza hushinda kutwa akiiwazia sigara inayofuata, na ile moja aliyobakiza inakuwa tamu kuliko zote. Wapo waliofaulu kwa kupunguza, siwakatai, lakini wewe nakujua. Ukiachiwa nafasi ya kujadiliana, utajadiliana. Panga tarehe isiyo mbali. Usiku wa kuamkia siku hiyo toa kila kitu: pakiti, kiberiti, kisahani cha majivu, na ile sigara iliyosahaulika kwenye mfuko wa koti. Usimpe rafiki akutunzie. Zivunje, zimwagie maji. Itakuuma, maana ni pesa yako.

Sasa siku yenyewe. Asubuhi ndiyo ngumu. Nikotini, ile kemikali ya tumbaku inayokufanya uitamani sigara, haikai sana mwilini. Kila baada ya saa mbili hivi, iliyomo kwenye damu hupungua kwa nusu, na wewe umelala usiku kucha. Ndiyo maana mkono unatafuta pakiti kabla macho hayajafunguka vizuri. Kama umezoea kuwasha ya kwanza ndani ya nusu saa ya kuamka, arosto yako, yaani ile hamu kali ya kukosa sigara, itakuwa kali kuliko ya anayevuta jioni tu, basi usijipime kwake. Amka, oga, piga mswaki, na usikae pale ulipozoea kuvutia.

Arosto ina tabia moja ambayo mvutaji haijui, kwa sababu hajawahi kuiacha imalize. Inapanda, inafika juu, halafu inashuka yenyewe, hata usipoipa kitu. Ni dakika chache tu, tatu au tano, ikizidi sana kumi. Mimi nilikuwa natazama saa ya ukutani. Kifua kinabana, mate yanajaa, vidole viwili vinakaa tayari kushika kitu kisichokuwepo. Nikawa naosha vyombo hata visivyo vichafu, maana mikono yenye povu haiwashi sigara. Mama yako alidhani nimerogwa. Ikija nyingine, tazama saa upya. Habari za kuishi miaka yote bila sigara usiziwaze siku hiyo.

Kuna jambo wengi hawaambiwi. Moshi wa sigara huufanya mwili uivunje kafeini haraka. Ukiacha, kikombe kilekile cha kahawa kinakukaa muda mrefu zaidi, moyo unaenda mbio, mikono inatetemeka, nawe unadhani ni arosto. Punguza kahawa kwa nusu. Pombe usiiguse kabisa kwa sasa.

Wala usione aibu kutumia dawa. Plasta na chingamu za nikotini zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2009. Plasta hubandikwa kwenye ngozi kavu, ikakutolea nikotini polepole kutwa. Chingamu ni ya pale arosto inapopanda. Hiyo chingamu haitafunwi mfululizo. Itafune taratibu mpaka uhisi muwasho, ibane kati ya ufizi na shavu, muwasho ukiisha utafune tena. Ukiitafuna kwa pupa utapata kwikwi na kichefuchefu. Kipimo muulize mfamasia.

Nyumbani waambie mapema kwamba utakuwa mkali. Ndani ya dakika 20 baada ya sigara ya mwisho mapigo ya moyo yanaanza kutulia, na ndani ya saa 12 kaboni monoksidi, ile hewa ya sumu ya moshi, inashuka kwenye damu hadi kawaida, lakini wewe hutasikia lolote kati ya hayo. Utasikia hasira, njaa na kichwa kizito. Kwa wengi siku ya pili na ya tatu ndizo kali zaidi, kwa hiyo usijipangie kazi nzito wiki hiyo.

Nipigie saa yoyote, hata usiku wa manane. Ila usinipigie kuniomba ruhusa ya kuvuta moja tu, hiyo sitoi.

Baba yako