Maswali ya Wasomaji: Kutoka Kwenye Gari Hadi Kwenye Kiti Uwanjani

Barua tatu tunazozijibu safari hii zimetoka miji mitatu iliyo mbalimbali, lakini zote zinauliza jinsi shabiki mwenye ulemavu anavyoweza kufika uwanjani, kuutazama mpira na kurudi nyumbani bila kudhalilika. Ya kwanza tumeijibu kwa urefu, kwa kuwa majibu yake yanawahusu pia wasomaji wetu wengi wanaoishi Uingereza.

Swali: Ndugu Mjibu Maswali, mume wangu alipooza upande mmoja baada ya kupata kiharusi. Anatumia kitimwendo, na halmashauri ya hapa imempa beji ya buluu ya kuegesha gari. Hivi karibuni tulisafiri na kijana wetu wa miaka 15 kwenda mji mwingine kutazama mechi ya Ligi Kuu, tukiamini kwamba beji hiyo inatosha. Tulipofika tulikuta mitaa inayouzunguka uwanja imefungwa, na mhudumu wa maegesho ya klabu akatuambia kwamba nafasi zote zilikwisha kuombwa wiki kadhaa nyuma. Tuliegesha mbali, nikamsukuma mume wangu nusu saa nzima kwenye manyunyu, na tulipoingia mpira ulikuwa umekwisha kuchezwa dakika 20. Juu ya hayo nililipia tiketi kamili ilhali nilikwenda kumhudumia mgonjwa, na kijana wetu aliketishwa jukwaa jingine. Je, beji haitupi haki ya kuegesha uwanjani? Na je, ni halali mimi kulipa? — *Bi. S. M., Coventry, Uingereza*

Jibu: Bi. S. M., poleni sana kwa mkasa huo. Beji ya buluu, ambayo huko inajulikana kwa jina la Blue Badge, ni kibali cha barabarani. Hutolewa na halmashauri kwa mtu mwenyewe na si kwa gari, na ndiyo maana mumeo anaweza kuitumia hata akipanda teksi au gari la jirani. Huchukua muda usiozidi miaka 3, na katika England ada yake haizidi pauni 10. Mwenye beji huruhusiwa kuegesha bila malipo katika nafasi nyingi za kulipia zilizo mitaani, na pia juu ya mistari ya njano kwa muda usiozidi saa 3, mradi pasiwe na katazo la kupakia na kushusha mizigo, na mradi saa ya kadibodi inayoonyesha wakati wa kufika iwekwe mahali inapoonekana. Lakini kiwanja cha kuegesha magari kilicho mali ya klabu si barabara ya umma, na mwenye kiwanja hicho ndiye anayejiwekea utaratibu wake. Mhudumu aliyewazuia, hata kama alikosa lugha nzuri, hakuvunja kanuni za beji.

Tena, hata mngepata mstari wa njano karibu na lango, hesabu ya muda ingewasumbua. Mechi ina vipindi viwili vya dakika 45, mapumziko ya dakika 15, na dakika za nyongeza ambazo siku hizi haziishi. Ukiongeza saa moja ya kufika mapema, kupekuliwa na kutafuta lifti, kisha nusu saa ya kusubiri umati upungue, zile saa 3 zinakuwa zimekwisha kabla hamjaliona gari. Katika mitaa mingi inayozunguka viwanja vikubwa kuna pia masharti maalumu ya siku za mechi, na jinsi yanavyowahusu wenye beji hutofautiana kutoka halmashauri moja hadi nyingine. Kwa hiyo, kwa mpira wa Ligi Kuu, msiitegemee beji peke yake. Itumieni kama ushahidi wa kuombea nafasi kwa klabu.

Hapo ndipo sheria inapoingia. Sheria ya Usawa ya mwaka 2010, inayotumika England, Wales na Scotland, inamtaka kila mtoa huduma, klabu ya mpira ikiwamo, afanye marekebisho ya kiasi yatakayomwondolea mtu mwenye ulemavu vikwazo vikubwa. Kwa watoa huduma wajibu huo ni wa kujiandaa mapema: klabu haitakiwi kungoja mpaka mwenye kitimwendo afike langoni ndipo ianze kufikiri. Sheria hiyo inakataza pia gharama ya marekebisho kutwishwa mtu mwenye ulemavu. Neno "tiketi ya msaidizi" hutalikuta ndani yake, lakini katazo hilo ndilo chimbuko la desturi ya klabu nyingi kumpa msaidizi tiketi ya bure, kwa hoja kwamba asiyeweza kwenda bila kusaidiwa asilipishwe mara mbili kwa kiti kimoja. Nenda sasa kaiulize klabu husika kwa maandishi kama ina utaratibu huo na inataka ushahidi gani. Mara nyingi barua ya posho ya ulemavu hutosha. Kwa maoni yangu, ulilipa kwa sababu hukuuliza na wao hawakukuambia, na hilo la pili ndilo kosa kubwa zaidi.

Kuhusu kijana wenu kuketishwa mbali, yafaa ujue kwamba Uingereza ina mwongozo wa viwanja vinavyofikika, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 2003, ambao unataka nafasi ya kitimwendo iwe na kiti cha msaidizi kando yake. Mwongozo huo unaeleza hata idadi. Uwanja mpya wenye viti zaidi ya 40,000 unatakiwa uwe na nafasi 210 za vitimwendo, na nafasi 2 zaidi kwa kila viti 1,000 vinavyozidi hapo. Chukua Wembley, uliofunguliwa mwaka 2007 ukiwa na viti 90,000: hesabu inakupa nafasi 310. Mwezi Septemba 2015 klabu za Ligi Kuu ziliahidi kwa pamoja kwamba zingekuwa zimeufikia mwongozo huo ifikapo Agosti 2017. Zipo zilizojitahidi sana na zipo zilizochelewa kwa kisingizio cha uchakavu wa majukwaa ya zamani. Lakini idadi si kila kitu. Nafasi ya kitimwendo iliyowekwa nyuma ya mashabiki ambao husimama kila timu inaposhambulia ni nafasi ya kutazama migongo ya watu, na ndiyo maana mwongozo unasisitiza kwamba aliyekaa aweze kuuona uwanja hata wa mbele yake wakisimama.

Safari ijayo, kabla ya kulipa senti yoyote, mwandikie afisa wa klabu anayeshughulikia mashabiki wenye ulemavu. Shirikisho la soka la Ulaya, UEFA, liliingiza cheo hicho katika kanuni zake za leseni mwaka 2015, na klabu kubwa zote zina mtu wa kazi hiyo. Usimwombe maegesho peke yake, kwani wengi huomba hivyo kisha wakapewa nafasi nzuri ya gari upande wa kaskazini na kiti upande wa kusini. Mweleze safari nzima katika barua moja: mtafika na gari la aina gani, kitimwendo hushushwa ubavuni au nyuma, kutoka gari hadi lango ni mita ngapi na njia ina mwinuko kiasi gani, lifti iko wapi, choo kinachoingilika kiko umbali gani kutoka kwenye kiti, na kijana ataketi wapi. Uliza pia gari litaruhusiwa kutoka saa ngapi. Baadhi ya viwanja hufunga milango ya maegesho baada ya filimbi ya mwisho mpaka umati uishe, na kwa mgonjwa anayetumia dawa kwa saa maalumu jambo hilo si dogo. Ombeni majibu kwa maandishi.

Klabu ikikataa bila sababu ya maana, lipeleke lalamiko rasmi kwake kwanza, nawe uombe ushauri kwa Level Playing Field, taasisi ya hisani iliyoanza mwaka 1998 kuwatetea mashabiki wenye ulemavu. Mkifikiria mahakama, kumbukeni kwamba madai ya aina hii yanatakiwa yafunguliwe ndani ya miezi 6 tangu siku ya tukio.

Swali: Mheshimiwa Mjibu Maswali, shikamoo. Mimi ni kijana wa miaka 27, niliugua polio utotoni na ninaendesha bajaji yangu mwenyewe ya kubebea abiria. Ninapokwenda kutazama mpira, askari wa langoni huniambia bajaji hairuhusiwi kuingia ndani, nami sina miguu ya kutembea kutoka barabarani. Mara ya mwisho mashabiki wenzangu walinibeba juujuu hadi jukwaani, nikawashukuru, lakini niliona aibu mbele ya mdogo wangu. Sheria yetu inasemaje, na tufanye nini kabla ya AFCON kuja kwetu? — *J. K., Temeke, Dar es Salaam*

Jibu: Marahaba, mwanangu. Aibu hiyo si yako. Waliokubeba walifanya uungwana, na ninawapongeza, lakini uungwana wa watu wanne wenye mabega mapana si miundombinu. Tena jiulize: ukitokea moto au msongamano, je, watu hao wanne watakuwa karibu nawe? Swali hilo la usalama ndilo linalowafanya wasimamizi wa viwanja wasikilize haraka kuliko swali la haki, nawe usione haya kulitumia.

Tanzania ina Sheria ya Watu wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010, inayotambua haki ya mtu mwenye ulemavu kuyafikia majengo na huduma za umma bila vikwazo. Kabla ya hapo, mwaka 2009, nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Ibara yake ya 30 inataja waziwazi kufikia maeneo ya michezo. Kwa hiyo unapoomba bajaji yako ipite, huombi hisani ya askari. Kwa upande mwingine, askari naye ana amri aliyopewa asubuhi, na kubishana naye wakati watu elfu wanasukumana nyuma yako hakutakufikisha popote. Amri hiyo ibadilishwe siku chache kabla, ofisini.

Andika barua fupi kwa klabu mwenyeji wa mechi na nakala kwa Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania, TFF. Kama uwanja ni wa Serikali, kama ulivyo Uwanja wa Benjamin Mkapa hapo kwenu Temeke, nakala iende pia kwa wizara inayosimamia michezo. Ambatisha nakala ya kadi ya bajaji na picha yako ukiwa juu ya chombo, kwa sababu langoni kila bajaji huonekana kama ya biashara, na huo ndio mzizi wa tatizo lako. Omba kibali chenye jina lako na namba ya chombo, lango utakalotumia litajwe, na mahali pa kuegesha pawe na sakafu ngumu. Mchanga na kokoto ni adui wa magongo kama zilivyo ngazi. Usiende peke yako. Shirikisho la Vyama vya Watu Wenye Ulemavu Tanzania, SHIVYAWATA, linaweza kuibeba hoja hiyo kwa niaba ya wengi, na barua ya shirikisho haipotei kwenye meza kirahisi kama barua ya mtu mmoja.

Kuhusu AFCON ya mwaka 2027, ambayo Tanzania, Kenya na Uganda zitaiandaa kwa pamoja, ushauri wangu ni kwamba msiombe "mazingira rafiki", maneno ambayo kila mtu huyakubali na hakuna anayeyapima. Ombeni namba. Kwa mfano, hesabu ile ya Uingereza niliyomweleza Bi. S. M., ikitumika kwa uwanja wenye viti 60,000 kama Mkapa, inatoa nafasi 250 za vitimwendo. Hiyo si sheria kwetu, lakini ni kipimo cha kuanzia mazungumzo. Nafasi moja ya gari inayomfaa mtumiaji wa kitimwendo huwa na upana wa mita 2.4 na urefu wa mita 4.8, pamoja na ukanda mtupu wa mita 1.2 kando yake wa kufungulia mlango na kukunjua kiti. Ukanda huo ndio hunyakuliwa kwanza na pikipiki. Waulizeni waandaaji kwa kila uwanja: nafasi ngapi, ziko wapi, na nani atazilinda dhidi ya magari ya waheshimiwa siku ya mechi.

Swali: Kaka yangu haoni tangu kuzaliwa, lakini hakosi mpira. Huenda uwanjani na redio ndogo masikioni. Wengine humcheka kwamba amelipa kiingilio ili asikilize redio. Kuna njia bora zaidi? — *A. H., Mombasa*

Jibu: Ndugu A. H., wanaomcheka hawajui kwamba nusu ya mpira ni sauti ya watu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Ibara ya 54, inampa kaka yako haki ya kufika mahali pote kwa kiasi kinachowezekana, na pia haki ya kupata taarifa, kwa hiyo nafasi yake jukwaani ni kamili kama ya mwingine yeyote.

Katika viwanja kadhaa vya Ulaya upo utangazaji maalumu kwa wasioona, unaosikika kwa kifaa kidogo ndani ya uwanja. Mtangazaji wake husema mpira uko upande gani, nani anao, kocha anapunga mkono vipi na mashabiki wameinua kitambaa cha rangi gani, mambo ambayo mtangazaji wa kawaida huyaruka. Mpaka utakapofika Mombasa, mwambie kaka yako atumie redio ya masafa na si matangazo ya intaneti kwenye simu, kwa sababu haya ya simu huchelewa kwa sekunde nyingi, na hakuna kero kama kusikia uwanja mzima ukishangilia bao ambalo masikioni mwako bado ni pasi ya katikati.