Maswali Yenu: Deni la SGR, dola na yuani

SWALI: Nasikia Kenya imegeuza mkopo wa reli ya SGR kutoka dola kuwa yuani. Je, ndiyo tumemwacha Mmarekani tukamfuata Mchina?
Msomaji, Voi

JIBU: Kilichohama ni sarafu ya deni tu. Mwaka 2014 Benki ya Exim ya China ilitoa mafungu mawili kwa reli ya Mombasa–Nairobi. La kwanza, dola bilioni 1.6, lilikuwa na riba nafuu ya asilimia 2 isiyobadilika, kwa miaka 20. La pili, dola bilioni 1.63, lilikuwa la kibiashara: miaka 15, riba ya LIBOR ya miezi sita (kiwango cha kimataifa kilichopanda na kushuka pamoja na riba za dola) na nyongeza ya asilimia 3.6. Hilo la pili ndilo lililotuumiza. Benki Kuu ya Marekani ilipopandisha riba mwaka 2022 na 2023 kupambana na mfumuko wa bei wa kwao, malipo yetu yalipanda nayo. Mkopeshaji yuko Beijing, bei ikapangwa Washington!

Oktoba 2025 Wizara ya Fedha ilitangaza kwamba mikopo mitatu ya reli (miwili hiyo na ule wa kipande cha Nairobi–Naivasha) imegeuzwa kuwa yuani, na kwamba tutaokoa takriban dola milioni 215 kwa mwaka, kwa kuwa riba za yuani ziko chini. Deni lenyewe liko palepale. Tena yuani hatuzichumi kwa wingi: tunaiuzia China parachichi na chai, tunanunua kwao mara nyingi zaidi. Hazina italazimika kuzinunua sokoni, na yuani ikipanda dhidi ya shilingi, nafuu hiyo itapungua.

Huko Magharibi hatujatoka. Juni 2024 Marekani iliipa Kenya hadhi ya mshirika mkuu asiye mwanachama wa NATO. Julai 1 mkataba wetu wa biashara na Umoja wa Ulaya ukaanza kutumika, maua yakahakikishiwa kuingia bila ushuru. Ila Februari mwaka huohuo tulipouza hatifungani ya Eurobond (deni la dola linalouzwa kwa wawekezaji wa nje) ya dola bilioni 1.5, kuponi, yaani riba ya kila mwaka, ilikuwa asilimia 9.75. Kwa bei hiyo, Hazina yoyote ingebisha hodi Beijing.

SWALI: Tukishindwa kulipa, China itachukua bandari ya Mombasa?
Msomaji, Likoni

JIBU: Mkataba wa mkopo wa reli uliowekwa wazi Novemba 2022 unasema sheria ya China ndiyo itatumika na migogoro itaamuliwa Beijing. Serikali pia iliachilia kinga yake ya kushtakiwa, lakini kifungu cha namna hiyo kimo hata kwenye Eurobond zetu, chini ya sheria ya Uingereza, kwa hiyo hicho pekee si ushahidi kwamba bandari itachukuliwa. Sisi tungetazama zaidi ahadi ya Mamlaka ya Bandari kuipa reli kiwango fulani cha mizigo, na kufidia pengo ikipungua. Ahadi hiyo ndiyo iliyofanya makontena yalazimishwe kupanda treni hadi Nairobi, madereva wa malori na mawakala wa forodha wa Mombasa wakakosa kazi, mpaka amri ilipoondolewa mwaka 2022.