Baba yuko ICU na mpira mdomoni, mswaki wa nini?

SWALI: Shikamoo anti nesi. Baba yetu yuko ICU, kawekewa mpira wa mashine ya kupumulia, kalazwa kwa dawa ya usingizi. Juzi nimeingia namkuta nesi anampiga mswaki! Kaka yangu akakasirika, eti mtu hali hanywi mswaki wa nini, si atapaliwa? Na midomo imempasuka, naweza kumdondoshea maji kidogo na kumpaka mafuta?
Binti wa Mzee, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu, poleni kwa kuuguza. Mwambie kaka huyo nesi anajua kazi yake, yani mngeniandikia kuwa hapigwi mswaki ndo ningeshtuka.

Kutokula ndo kunachafua mdomo zaidi. Sisi tunatafuna, tunameza, mate yanasafisha, lakini baba mdomo uko wazi kutwa kucha na dawa nyingine zinakausha mate, basi utando unajijenga kwenye meno na ulimi na ndani ya siku chache wanahamia vijidudu wabishi wa hospitalini. Ule mpira kwa ndani una kipulizo kinachojazwa upepo kuziba pembeni, ila hakizibi kabisa, mate machafu yanakaa juu yake yanapenya kidogokidogo mpaka mapafuni. Hapo ndo inakuja nimonia ya mashine, ile inayoanza saa 48 au zaidi baada ya kuwekewa mpira.

Kuhusu kupaliwa, hawapigi kama wewe bafuni. Kichwa cha kitanda kinainuliwa nyuzi 30 mpaka 45, upepo wa kipulizo unapimwa, mswaki ni mdogo laini kama wa mtoto, maji kiduchu na saksheni, yani mashine ya kunyonya mate, inanyonya hapohapo, na wakiwa wawili ni vizuri zaidi, mmoja ashike mpira usichomoke. Mpira nao wanauhamisha upande huu na huu usichimbe kidonda mdomoni.

Usikimbilie duka la dawa kununua klorheksidini ya kusafishia mdomo. Zamani tuliipaka kila mgonjwa, ila tafiti zikaleta wasiwasi kwamba huenda inaongeza vifo, na mwongozo wa Marekani wa 2022 unasema mswaki bila hiyo. Mswaki wa kawaida mara mbili kwa siku ndo wa maana. Ukweli wodi ikielemewa hii kazi ndo inarukwa ya kwanza, kwa hiyo kuuliza kwa adabu "leo kasafishwa mdomo?" sio ukorofi.

Maji usimdondoshee hata tone! Mafuta ya midomo muulize nesi kwanza, wao wana ya kwao.

Mnachoweza ni kupeleka mswaki laini wa mtoto kama wodi haina, na kuwaambia kama mzee ana jino linalocheza maana likidondoka linaweza kuingia njia ya hewa. Kama ana meno ya bandia yasibaki mdomoni, yachukueni nyumbani muyaloweke kwenye maji safi, atayadai siku akitolewa mpira.