Barua kwa mwanangu Somoe: aliyeuliza habari za mizani

Mwanangu Somoe,

Salaam nyingi kutoka Newala. Sote wazima, mama yako anakusalimu. Nimelisoma swali la somo lako la falsafa ya elimu: nani alikuwa sahihi, Socrates, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliyeamini maarifa yamo ndani ya mtu na mwalimu huyaamsha kwa maswali, au Locke wa Uingereza aliyeifananisha akili na karatasi nyeupe?

Mimi ninachojua ni kwamba mtu hafundishiki mpaka aulizwe. Bibi yako unamjua. Mwalimu Nyerere alipotangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, kijiji kizima kilienda kisomo, yeye akagoma. Aliyemvuta ni kijana aliyekuwa akifundisha. Alipita barazani akamwuliza, "Mama, ukipeleka korosho zako, mizani anaisoma nani?" Hakuwa na jibu. Jioni ile akaenda.

Msimu ulipofika nilikuwa nimeshika upindo wa kanga yake. Karani akatamka, "Arobaini na tatu." Bibi yako akainama, akaweka kidole kwenye kioo cha mizani. "Mwanangu, mshale uko arobaini na nane." Karani akafuta, akaandika upya. Mpaka leo nikikumbuka kifua kinanijaa.

Kwa hiyo Socrates kashinda? Plato, mwanafunzi wake, anasimulia Socrates alivyomhoji kijana mtumwa wa bwana aitwaye Meno namna ya kupata mraba wenye eneo maradufu ya mraba mwingine. Kijana akakosea, akakosea tena, mwisho akauona kwenye mstari unaokata pembe kwa pembe. Sawa. Lakini namba nane inavyoandikwa, hata ungemhoji bibi yako mwaka mzima asingeitoa moyoni. Ni mapatano ya watu, lazima uambiwe. Hapo Locke ana lake. Ila wangapi waliambiwa nane hiyohiyo wakaisahau? Paulo Freire wa Brazil aliulaumu ualimu huo wa kumwekea mwanafunzi maarifa kama fedha benki, nami namuunga mkono. Bibi yako alishika nane kwa sababu alikuwa anaitafuta. Mtu hafundishiki mpaka aulizwe, Somoe.

Uamuzi nakuachia, maana wewe ndiwe utakayesimama darasani, ingawa ulimi unaniwasha. Ukianza mazoezi ya kufundisha niandikie: swali la kwanza uliwauliza nini watoto, nao wakajibuje?

Baba yako