Ndoana Ikikunasa, Usiivute

Swali: Ndoana ikiingia kidoleni, si bora niichomoe haraka kabla maumivu hayajapanda?

Jibu: Nimeshalijibu hili, na kila msimu wa mishipi linarudi. Usiivute! Kile kijino kilicho karibu na ncha ya ndoana kinatazama nyuma ili samaki asichomoke, na nyama yako nayo kitaichana vilevile. Ukivuta kidogo ukaona ngozi inanyanyuka nayo, ujue kijino kimeshika.

Kata mshipi kwanza, maana samaki akirukaruka ndiye anayeizamisha. Kama haijaenda ndani, zungusha kipande cha mshipi imara kwenye mkunjo wa ndoana. Kandamiza jicho la ndoana, pale mshipi unapofungwa, lilale kwenye ngozi ili kijino kiachie, kisha mwenzako avute kwa mkupuo mmoja, sambamba na ngozi. Asisimame mtu mbele, inatoka kama jiwe la manati. Ikiwa ncha inakaribia kutokeza upande wa pili, nenda zahanati: watakudunga ganzi, waisukume itokeze, wakate kijino, ndipo irudi ilikopita.

Swali: Ikiingia jichoni?

Jibu: Msiiguse. Funika kwa kikombe kisichogusa jicho, hospitali moja kwa moja. Ya shingoni na ya kwenye kiungo pia.

Swali: Huku kwetu tunatia ugoro au mafuta ya taa. Yanafaa?

Jibu: Hayafai, acheni. Osha kwa sabuni na maji safi mengi. Tundu dogo lenye kina ndilo pepopunda inalolipenda, kwa sababu hewa haifiki. Kama chanjo yako ya mwisho imepita miaka 5, au huikumbuki, kachanje. Mkono ukivimba, ukipata joto au usaha, usingoje bamvu, yale maji makuu, lipite.

Swali: Nijikingeje?

Jibu: Bonyeza kijino kwa plaizi mpaka kilale. Mtasema samaki watatoroka. Kaza mshipi, hatoroki. Wa dhulumati, ile kamba ndefu yenye ndoana nyingi, pangeni ndoana kwenye ukingo wa kikapu, kisu kiwe karibu, na asiwepo wa kushika kamba inayokimbia kwenda majini.

Na hili hamkuuliza: okoteni ndoana zenu mchangani. Juzi nilimshika mguu mtoto aliyekuwa akikimbia peku pwani. Ndoana ilikuwa kisiginoni, na kipande cha ngisi kilichokauka bado kinaning'inia.