Unaposhuka Marangu na haibridi, weka B mapema

Miaka miwili iliyopita, siku chache kabla ya Krismasi, nilikuwa nashuka kutoka geti la Marangu, Mlima Kilimanjaro, kuelekea Himo. Mama alikaa mbele, wanangu nyuma, mkungu wa ndizi kwenye buti. Gari ni haibridi, yaani linalotumia petroli na umeme, ya mtumba kutoka Japani, niliyoizoea kwenye foleni za Dar es Salaam. Hatujafika hata Marangu Mtoni, injini ikaanza kunguruma yenyewe na mguu sina kwenye mafuta. Mama akauliza, “Baba, mbona unakimbiza gari?” Nikakanyaga breki, na sikuiachia. Njia panda ya Himo tulifika harufu ya kuungua imejaa ndani, pedali imelainika kama nakanyaga sponji.

Desemba wengi wetu tunapanda nyumbani, na haibridi zimeongezeka sana, kwa hiyo nieleze nilichojifunza.

Ukiachia mafuta au ukigusa breki kidogo, mota inayosukuma magurudumu inageuka jenereta. Umeme unaingia kwenye betri, na ule ugumu wa kuizungusha mota ndio unaopunguza mwendo. Pedi hazijagusa diski bado. Mjini ni raha tupu. Ila umeme huo lazima uwe na pa kwenda. Geti la Marangu liko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, Himo haifiki 1,000. Gari la kilo 1,500 pamoja na abiria likishuka mita 800 linaachia nguvu inayozidi kilowati-saa 3. Betri ya Prius ya kizazi cha pili au cha tatu ni kama kilowati-saa 1.3, tena kompyuta hairuhusu itumike yote. Hata ukitoa inayopotea kwa upepo na matairi, betri inajaa ungali mlimani.

Ikishajaa, breki ya umeme inapungua na mzigo unahamia kwenye breki za kawaida. Hapo kompyuta huizungusha injini bila kuchoma petroli, isukume hewa tu, ili imeze nguvu iliyozidi. Huo ndio mngurumo niliousikia. Gari lilikuwa linanisaidia, mimi nikadhani linanikimbia.

Kwenye gia nyingi za haibridi kuna herufi B, inayoifanya injini isaidie kupunguza mwendo. Iweke kabla hujaanza kushuka, usingoje hadi mwendo ukuzidi. Ukifika tambarare rudisha D, maana B inapoteza nguvu ambayo betri ingeihifadhi. Nyutro usiiguse kabisa mteremkoni. Najua wapo wanaoamini inaokoa mafuta, lakini haibridi ikiwa D na mguu umeachia, injini kwa kawaida haichomi kitu. Ukiweka N unajinyima breki ya umeme bure. Na kwenye haibridi nyingi, gari likipunguzwa na B peke yake taa za breki haziwaki, kwa hiyo bodaboda aliye mgongoni kwako hajui. Gusa pedali kidogo ili aone.

Kesho yake nikaenda gereji Moshi mjini. Fundi alifungua magurudumu yote manne. Pedi za mbele zilikuwa nene, nikashusha pumzi. Akaniita nyuma: diski ina kutu nyekundu kama tofali, pini za kalipa, kile kifaa kinachobana pedi, zimekauka, pedi moja imeganda mpaka aing'oe kwa nyundo. “Mangi, hizi breki zilikuwa zimelala,” akaniambia. Na kweli, breki ya umeme inapofanya kazi kubwa kila siku, pedi hazilisiki haraka, basi hakuna anayekumbuka kufungua. Za mbele ndizo zilizobeba familia yangu yote kuteremka mlima.

Kisha akafungua kikopo cha mafuta ya breki. Yalikuwa na rangi ya kahawa. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa hata gari likiwa limepaki. Yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya huchemka yakifika nyuzi joto 205 au zaidi. Yakishanyonya maji, kiwango kinaweza kushuka hadi 140. Yakichemka yanatoa mapovu, mapovu yanabonyea, na mguu wako unazama hadi sakafuni. Sasa nabadilisha kila baada ya miaka 2, na kila Novemba magurudumu yote yanafunguliwa, pini zinapakwa grisi.

Jambo jingine ni matope. Ukiacha lami, kwenye udongo mwekundu uliolowa, magurudumu ya mbele yakiteleza kompyuta inakata breki ya umeme na kukabidhi za kawaida. Katikati ya mabadilishano hayo unaweza kuhisi kama gari limeponyoka. Usiachie pedali, endelea kukanyaga, na nafasi kati yako na gari la mbele iwe kubwa kuliko uliyozoea mjini.

Pale Himo vijana wa watu, kwa wema kabisa, walikuja na ndoo ya maji wamwagie magurudumu. Kataa. Diski ya moto ikipigwa maji baridi inaweza kupinda au kupasuka. Weka P, kinga tairi kwa jiwe, handibreki usiivute kwanza, kisha shukeni wote mkae kivulini. Sisi tulikaa kama dakika arobaini, mama akawamenyea watoto ndizi.