Pima tairi kabla hujanunua difu

Asubuhi moja ya Agosti, kwenye kipande cha lami ndani ya eneo la mtu binafsi huko Usangu, niliinama nyuma ya gari langu kutazama kama kuna oili inayovuja. Oili haikuwepo. Nilichokiona ni mstari mweusi unaong'aa ndani ya madigadi ya kulia, mahali raba ilipokuwa imesugua bati. Gari likiwa limesimama, kidole changu kilipita vizuri kati ya tairi na madigadi. Nikamwambia fundi springi zimelala. Akanijibu, "Kaka, springi hizi tumezifunga juzi tu. Hiyo tairi imekua."

Alikuwa sahihi. Na mstari ule ndio ulionieleza kwa nini difu, yale meno ya mwisho yanayopeleka nguvu kwenye tairi za nyuma, niliyoinunua kwa pesa nyingi haikunipa nilichokitaka.

Kwa asiyejua, mbio za dragi ni gari mbili zinazoanza zikiwa zimesimama, barabara imenyooka, mita 402, wa kwanza kufika ameshinda. Umbali huo ni robo maili, kipimo walichokizoea Marekani tangu mchezo huu ulipoanza huko. Kwa kuwa ni mbio za sekunde chache, watu hudhani kila kitu kiko kwenye injini. Mimi pia nilidhani hivyo. Gari langu ni la silinda sita, lita 2.5, lina turbo, na injini inajikata ikifika mizunguko 7,000 kwa dakika. Difu iliyokuwemo ilikuwa ya uwiano wa 4.1, yaani propela, ile shafti inayotoka kwenye giaboksi, huzunguka mara 4.1 tairi zikizunguka mara moja. Marafiki wakaniambia weka 4.3, gari litaruka. Nikaweka.

Kweli liliruka. Ukitoka 4.1 kwenda 4.3 unapata karibu asilimia 5 ya nguvu ya ziada kwenye tairi katika kila gia, na mwili unaisikia. Lakini muda wangu mwisho wa mstari haukupungua. Nilihangaika na plagi, nikasafisha filta, nikabadilisha mafuta. Kumbe jibu lilikuwa hesabu ya dakika mbili ambayo sikuwahi kuikalia.

Hesabu yenyewe hii hapa. Chukua mizunguko ya injini, zidisha kwa mzingo wa tairi kwa mita, zidisha kwa 0.06, kisha gawanya kwa uwiano wa gia ukizidishwa na uwiano wa difu. Unapata kilomita kwa saa. Gia yangu ya tatu ni 1.31. Kwa tairi za kawaida za 205/55R16 na difu ya 4.3, injini inajikata nikiwa kwenye kilomita 144 kwa saa. Gari langu huvuka mstari likiwa karibu na 158. Maana yake nililazimika kuingiza ya nne nikiwa bado njiani, na mizunguko ilianguka kutoka 7,000 hadi kama 5,350, ambako injini yangu bado haijafika kwenye nguvu zake. Nilichokipata mwanzoni nikakirudisha chote mwishoni. Na hata 4.1 ya zamani, kwa tairi zile zile, ya tatu iliishia 151. Hapo ni pabaya zaidi, kwa sababu unabadilisha gia mstari ukiwa umeshauona.

Sasa turudi kwenye tairi, maana hapo ndipo wengi tunapopotea. Namba zilizoandikwa ubavuni hazikupi mzingo wa kweli. Kwa 205/55R16 ukipiga hesabu unapata mita 1.985. Mimi nimepima kwenye sakafu ya gereji yetu hapa Mwanjelwa, Mbeya, nikapata 1.93, kwa sababu uzito wa gari unaikandamiza tairi. Kupima ni rahisi. Jaza upepo utakaoutumia siku hiyo, dereva akae ndani, piga alama ya chaki kwenye tairi na nyingine sakafuni chini yake, sukuma gari taratibu mpaka tairi izunguke mara tano kamili, pima umbali, gawanya kwa tano. Usizungushe mara moja tu, kosa dogo la mkono litakudanganya.

Na difu usiamini maneno ya muuzaji. Weka kabari magurudumu ya mbele, gia iwe huru, nyanyua tairi moja ya nyuma kwa jeki na stendi huku nyingine ikibaki chini. Chora alama kwenye propela. Zungusha tairi iliyo juu mara 20 ukihesabu mizunguko ya propela. Ikizunguka mara 41, una 4.1. Ikizunguka mara 43, una 4.3. Kama difu yako ni ya kukaza, ile inayolazimisha tairi mbili kwenda pamoja, nyanyua zote mbili na uzungushe mara 10. Namfahamu mtu aliyelipia 4.3 akafungiwa 3.9, akakaa nayo mwaka mzima.

Tairi zilizosugua madigadi yangu zilikuwa sliki, zile laini zisizo na kashata, za mtumba kutoka Dubai. Kipenyo inchi 26, yaani mzingo wa mita 2.07 kwa maandishi, na 2.02 nilipopima kwa chaki. Nilikuwa nimesharudisha difu ya 4.1. Kwa hesabu yangu ningegonga 7,000 kwenye kilomita 158 kamili, injini ikajikata pale pale mstarini. Niliogopa kweli. Lakini kifaa cha GPS kilionyesha 158, na video ya dashibodi ikaonyesha mshale kwenye 6,700. Mizunguko 300 ilikuwa imepotelea wapi? Nikaigeuza hesabu, mzingo ukatoka mita 2.11. Tairi ilikuwa imekua kwa karibu asilimia 4.5, na kwa kipenyo kile hiyo ni kama milimita 15 kila upande. Ndicho kile kidole changu kwenye madigadi. Huenda ilikua hata zaidi, maana tairi ikiteleza kidogo huongeza mizunguko na kuuficha ukuaji.

Sababu yake haina uchawi. Tairi ikizunguka, kila kipande cha raba kinataka kukimbilia nje, na msukumo huo huongezeka mara nne mwendo ukiongezeka mara mbili. Tairi za waya zina mkanda wa chuma chini ya kashata unaoizuia, ndiyo maana tairi zetu za barabarani hazikui kwa kiasi cha kuonekana. Sliki nyingi za dragi ni za nailoni, nyuzi zake zimepita mshazari, kwa hiyo zinanyumbulika. Wakati wa kuondoka mambo ni kinyume. Upepo ni mdogo, ubavu unajikunja, tairi inakuwa fupi, na gari linavuta kama umeweka difu yenye namba kubwa. Halafu mwendo ukipanda tairi inarefuka na kukupa nafasi ya kumalizia. Tairi moja inakupa difu mbili, bila kugusa spana. Gari za daraja la juu kabisa huko Marekani, zile za Top Fuel, hutumia jambo hili hili. Hazina giaboksi ya kubadilisha, zina klachi na difu ya 3.20 tu, na tairi zao za nyuma za inchi 36 hupanuka kwa inchi kadhaa zikifika mwendo. Mbio zao zilifupishwa kuwa futi 1,000 mwaka 2008, baada ya dereva Scott Kalitta kufariki kwenye mashindano.

Kwa sisi wa nyanda za juu kuna mambo mawili ambayo aliyejifunzia Dar hatakwambia.

La kwanza ni hewa. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, na injini isiyo na turbo hupoteza hapa karibu sehemu moja kati ya sita ya nguvu yake. Gari hilo litavuka mstari likiwa na mwendo mdogo kuliko lingekuwa nao pwani, kwa hiyo difu iliyopangwa kwa pwani itakuacha ukimaliza ukiwa chini ya mizunguko yenye nguvu. Yenye turbo haiumii kiasi hicho. Usinakili difu ya mwenzako wa Dar, hata kama gari ni pacha.

La pili ni upepo wa tairi, na hili limeniumiza mara mbili. Ukijaza psi 14 (psi ni kipimo cha upepo) Mbeya alfajiri kwenye baridi ya Juni, ukashuka Chimala, huko Usangu, peke yake kushuka huko kunakupunguzia kama psi 1 kwenye geji, kwa sababu hewa ya nje ni nzito zaidi kule. Halafu jua la Usangu linakuongezea moja na nusu au zaidi. Kwenye tairi ya psi 35 huwezi kuhisi. Kwenye sliki ya psi 14, nusu psi inabadilisha mzingo. Ikiwa kulia na kushoto hazilingani, gari linavuta upande mwendo ukiwa mkubwa, na hilo linatisha. Siku hizi napima upya palepale, kwenye kivuli, nikizipima zote mbili kwa chaki, na tofauti ikizidi sentimita moja sianzi.

Angalia pia tarehe ya tairi ya mtumba. Tarakimu nne za mwisho wa namba ya DOT ni wiki na mwaka. Ubavu wenye nyufa usiufunge, kwa sababu tairi inayokua ndiyo inayochanika. Acha nafasi ya kutosha kwenye madigadi. Na barabara kuu ya TANZAM si uwanja wa mbio, usiku wala mchana. Malori yanayoshuka mteremko wa Inyala yanatutosha.

Difu ya 4.3 nilimuuzia mdogo wangu mmoja wa Uyole mwenye gari kama langu lisilo na turbo, gia ya tatu sawa na yangu, tairi za kawaida. Kabla hajanipa pesa tulipima mzingo wake, 1.93. Gari lake huvuka kwenye 135, kwa hiyo hesabu ilisema atamaliza kwenye mizunguko kama 6,550 badala ya 6,250 ya difu ya 4.1, na injini yake inapenda kuwa juu. Jumamosi iliyopita nilikaa kiti cha pembeni nikitazama mshale. Tulipopita mstari ulikuwa unagusa 6,500 na kidogo, akiwa bado kwenye ya tatu, mkono wake haujagusa gia.